Saa za usiku hazilingani

Saa 9 usiku, Mbeya ikiwa imejifunika mablanketi mawili mawili, mama muuza ndizi wa Mwanjelwa ameshaamka ili awahi mzigo unaotoka Tukuyu. Muda huohuo dereva wa lori la Tunduma anaukwea mlima Kitonga, na katika bweni moja la Iringa mwanafunzi wa kidato cha nne bado anapiga msuli kwa mwanga wa tochi. Kila mmoja ameukata usiku mahali pake. Ukiwauliza wamelala kiasi gani watakutajia idadi ya saa, nne, tano au sita, na sisi tunaowasikiliza tutawapima kwa idadi hiyohiyo. Lakini idadi peke yake inaficha jambo kubwa. Saa ya pili tangu mtu asinzie ina kazi ambayo saa ya saba haiifanyi, na saa ya saba nayo ina kazi yake. Anayelala mapema akaamka saa 9, na anayeanza kulala saa 9, kila mmoja amekosa kitu tofauti.

Ilichukua muda mrefu kulijua hili, kwa kuwa aliyelala haoni kinachotendeka ndani yake, na anayemtazama anaona mtu aliyetulia tu. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger, wa mji wa Jena, alifaulu kunasa umeme mdogo wa ubongo wa binadamu kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kichwani, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Kuanzia hapo ubongo ungeweza kufuatiliwa usiku kucha bila kumwamsha mwenyewe. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna vipindi ambavyo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, huku ubongo wake ukiwa na shughuli karibu sawa na wa mtu aliye macho. Aserinsky alikuwa amewahi kumfunga nyaya mwanawe wa miaka 8 ili aone kama kipimo kinasema kweli. Watu walioamshwa katika vipindi hivyo, wengi wao walisimulia ndoto. Ile dhana ya kwamba kulala ni ubongo kuzimika ikawa imekufa.

Usiku ulivyopangwa

Usingizi huja kwa mizunguko. Mmoja huchukua takriban dakika 90, na kwa usiku mzima mtu mzima hupita mizunguko minne hadi sita. Unaanza na usingizi wa mang'amung'amu, ule ambao mtu akiitwa anaitika na kuapa kwamba hakuwa amelala. Unafuata usingizi mwepesi, ambao unachukua karibu nusu ya usiku wote. Humo ubongo hutoa vishindo vifupi vya mawimbi ya haraka, kila kimoja cha sekunde moja hivi, na vishindo hivyo tutakutana navyo tena kwenye habari ya kumbukumbu. Baadaye mtu anazama katika usingizi mzito, ule wa fofofo. Mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, yasiyozidi manne kwa sekunde. Mapigo ya moyo yanapungua, shinikizo la damu linashuka, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inamwaga sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji ya siku nzima. Mwisho wa mzunguko ni usingizi wa ndoto. Macho yanacheza, pumzi zinakosa mpangilio, na amri kutoka shina la ubongo inalegeza misuli ya mwili wote, isipokuwa ile ya macho na ile ya kupumulia, ili mtu asitende anayoyaota.

Mizunguko hii haifanani. Usingizi mzito umejazana katika nusu ya kwanza ya usiku. Kipindi cha kwanza cha ndoto kinaweza kuwa cha dakika chache, ilhali cha alfajiri kikafika nusu saa au zaidi. Tofauti hiyo inatokana na nguvu mbili zinazoendesha aina hizi. Usingizi mzito unategemea mtu amekaa macho kwa muda gani. Usingizi wa ndoto unaifuata saa ya mwili, ambayo huupa nafasi kubwa zaidi kunapokaribia kucha. Mama wa Mwanjelwa akilala saa 3 usiku na kuamka saa 9, amepata saa 6 na karibu usingizi wake mzito wote, lakini amekatiwa ndoto ndefu za alfajiri. Mwanafunzi akilala saa 9 na kuamshwa na kengele saa 11, ubongo wake utakimbilia usingizi mzito, kwa kuwa deni hilo ndilo linalolipwa kwanza, na sehemu kubwa ya usingizi mwepesi na wa ndoto hataipata kabisa.

Kazi ya usingizi wa ndoto bado inajadiliwa. Kinachojulikana ni kwamba mtoto mchanga hutumia karibu nusu ya usingizi wake katika hali hiyo, wakati ubongo wake unajijenga kwa kasi kuliko atakavyowahi kujijenga tena maishani. Kuna pia ushahidi kwamba usingizi hupoza hisia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwaonyesha vijana picha za kuudhi wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Kwa wale waliokesha, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hasira, ilishtuka kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko kwa waliolala. Hasira ya asubuhi ya mtu aliyekesha ina mizizi yake humo, na ndiyo maana ugomvi wa nyumbani ni bora uahirishwe hadi wote wawili wawe wamelala.

Msuli na kumbukumbu

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nyanda zetu zimejaa shule za bweni na vyuo, na ndani yake kukesha kunahesabiwa kuwa bidii.

Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, wakawapima baada ya saa kadhaa. Walipokuwa wamelala katikati walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: aliyelala hakuingiliwa na mambo mengine. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton, waliokuwa wakichunguza panya, waliona jambo lenye uzito zaidi. Seli za hipokampasi zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akizunguka njia zake ziliamka pamoja tena alipolala usingizi mzito. Ubongo ulikuwa ukiirudia safari ya mchana.

Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande. Hupokea mambo mapya upesi, lakini kumbukumbu zinazodumu huishia kutawanywa katika gamba la ubongo. Kazi hiyo ya kuhamisha hufanyika kwa kiasi kikubwa usingizini. Mawimbi makubwa ya usingizi mzito, vile vishindo vya usingizi mwepesi na marudio ya hipokampasi hutokea kwa kupangana, na kila marudio huimarisha viungo kati ya seli za gamba. Mwanafunzi anayesoma muundo wa ini saa 8 usiku bila kulala baada yake anaujaza ubongo mambo ambayo hayapewi nafasi ya kuhamia yanakotakiwa. Tena utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha upande wa pili: mtu aliyekesha huwa na uwezo mdogo wa kunasa jambo jipya siku inayofuata, kwa kuwa hipokampasi yenyewe inafanya kazi kwa unyonge. Kwa hiyo kukesha siku ya kuamkia mtihani kunamwumiza mtoto mara mbili, kwa aliyoyasoma jana na kwa maswali atakayoyasoma leo.

Kwa vijana kuna jambo jingine. Mwili unapobalehe, saa yake husogea mbele kwa saa moja hadi mbili, hivyo usingizi unachelewa kuja na unachelewa kuondoka. Si uvivu wala si ukaidi. Wataalamu hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa mtu wa miaka 13 hadi 18, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za sekondari zisianze vipindi kabla ya saa 2:30 asubuhi. Kwetu kuna shule ambazo prepo inaisha saa 5 usiku na mchakamchaka unaanza saa 11 alfajiri. Hapo hata mtoto anayelala dakika ileile ya kuzimwa taa hafikishi saa 6. Ningekuwa na sauti katika bodi ya shule, ningeondoa saa moja ya prepo kabla ya kuongeza saa moja ya masomo ya ziada, na ningelitetea hilo mbele ya wazazi kwa kutumia kumbukumbu ya watoto wao kama hoja.

Nguvu mbili zinazomlaza mtu

Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich nchini Uswisi, alieleza kwamba usingizi unaamuliwa na nguvu mbili zinazokwenda sambamba. Maelezo hayo ndiyo bado yanayotumika.

Nguvu ya kwanza ni uchovu wa kikemia. Kadiri seli za ubongo zinavyotumia nishati mchana, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kati yake, na adenosini ikishika vipokezi vyake mtu anaanza kupiga miayo. Akilala, inapungua. Kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe zinaingia hapahapa. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini, kwa hiyo inafanya kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake: mwenye kiti amefika, yupo amesimama, ila hana pa kukaa. Uchovu haujaondoka. Baada ya saa 5 hivi mwili wa mtu mzima unakuwa umeondoa nusu tu ya kafeini, ingawa watu hutofautiana sana, na wajawazito huibakiza kwa muda mrefu zaidi. Chai nzito ya saa 2 usiku bado inafanya kazi saa 7, na hata ukisinzia kwa urahisi, usingizi wako mzito utakuwa umepunguzwa bila wewe kujua.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili. Iko katika haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, na ina seli takriban 20,000. Ndani ya kila seli kuna jeni zinazotengeneza protini ambazo zikishakuwa nyingi huzizima jeni hizohizo, kisha zinaharibika, na kazi inaanza upya. Mzunguko huo huchukua takriban saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuufumbua mtambo huo katika inzi wa matunda. Saa hii hurekebishwa kila siku na mwanga, kupitia seli maalumu za jicho zinazojali zaidi rangi ya bluu. Giza likiingia, homoni iitwayo melatonini hutolewa kuuarifu mwili kwamba ni usiku.

Katika hili sisi wa nyanda za juu kusini tumebahatika. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba ni kama saa moja tu. Jua linatoka na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na mtu anayetoka nje asubuhi kwenda shambani, hata kwenye ukungu wa Njombe, anapata mwanga mwingi kuliko balbu yoyote ya ndani. Kinachoivuruga saa yetu ni mwanga wa jioni, hasa simu inayoshikwa karibu na uso kitandani, pamoja na yaliyomo ndani ya simu yenyewe, ambayo mara nyingi humfanya mtu achelewe kulala kuliko hata huo mwanga.

Baridi, miguu na jiko la mkaa

Kuna mbinu ya zamani ya mabwenini: kuweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usije. Inafanya kazi, na sababu yake inafundisha mengi.

Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, kwa takriban nyuzi 1 kwa usiku mzima. Mwili huliondoa joto hilo kwa kufungua mishipa ya damu ya mikono na miguu, damu ya moto ifike kwenye ngozi na kupoa. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, wakiongozwa na Kurt Kräuchi, walionyesha kwamba kupanuka kwa mishipa ya miguu na mikono kunatabiri vizuri kuliko vipimo vingine walivyovitumia jinsi mtu atakavyosinzia upesi. Miguu ikiwa ya baridi, mishipa inajifunga, joto linabaki ndani, na usingizi unakaa mbali. Mwanafunzi mwenye beseni amefunga njia hiyo kwa makusudi. Bibi wa Makete anayejigeuzageuza kitandani mwezi Julai njia yake imefungwa na baridi bila yeye kutaka. Chumba cha baridi kiasi ni kizuri kwa usingizi. Miguu ya baridi ni mibaya. Soksi kavu, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni, inatosha kubadilisha usiku mzima.

Hapa lazima niseme jambo la hatari, kwa kuwa kati ya Mei na Agosti, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, watu wengi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka ikiwa haibebi kile ambacho ubongo unakihitaji. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi, ndio unaodanganya, maana watu hudhani bila moshi hakuna sumu. Mtu aliyelala haamshwi na gesi hii. Kichwa kinauma kidogo, viungo vinalegea, na kile kinachofuata kinafanana na usingizi kwa macho ya anayetazama, lakini ni kuzimia, kisha ni kifo, mara nyingine cha familia nzima. Ota moto jioni na watoto wako mahali penye hewa, kisha jiko litolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Na ukiamka kichwa kikigonga katika chumba chenye jiko, usikae kitako kufikiri: fungua mlango, watoe wote nje, kisha mtafute daktari.

Mwili usiolala vya kutosha

Sukari ya damu huathirika mapema. Mwaka 1999 Eve Van Cauter na wenzake wa Chicago waliwalaza vijana 11 wenye afya saa 4 tu kwa usiku, siku 6 mfululizo. Uwezo wa miili yao kuiondoa sukari kwenye damu ulishuka hadi kufanana na hali ya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Mwaka 2002 kundi hilo lilionyesha kwamba waliochanjwa mafua wakiwa wamenyimwa usingizi walitengeneza chini ya nusu ya kingamwili za waliolala kawaida, walipopimwa siku 10 baadaye. Na mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwatia watu 164 waliojitolea virusi vya mafua ya kawaida puani, wakakuta kwamba waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 4 wa kuugua kuliko waliozidisha saa 7.

Kuhusu watoto, nisieleweke vibaya. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, lakini udumavu ambao umeiandama mikoa kama Iringa na Njombe hauwezi kutibiwa kwa kuwalaza watoto mapema. Huko tatizo kubwa ni chakula na maradhi. Usingizi unasaidia mwili unaolishwa.

Barabarani matokeo hayasubiri miaka. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za mikono na macho kwa udhaifu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Jaribio la mwaka 2003 la Hans Van Dongen huko Pennsylvania linanitisha zaidi. Watu waliolala saa 6 kila usiku kwa wiki mbili walifikia udhaifu wa mtu aliyekesha, ilhali wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Dereva anayekwambia "nimeshazoea" anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Kuhusu mikono na macho yake hajui.

Hatari iko katika usingizi wa sekunde chache unaompitia mtu macho yakiwa wazi. Basi la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 ni karibu mita 67 zisizo na dereva, na kwenye Kitonga au mteremko wa Iwambi mita 67 ni nyingi mno. Umakini wa mwanadamu hushuka zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, halafu kidogo tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, abiria wa Mbeya wanapita katika saa hizo hasa. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakupunguzi adenosini. Kilichopimwa na Jim Horne na Louise Reyner nchini Uingereza ni hiki: simama mahali salama, kunywa kahawa, kisha lala hapohapo kwa dakika 15. Kafeini huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo unaamka ikiwa inaingia. Huo ni msaada wa kufika kituo kinachofuata, haufai kwa kumalizia safari ya kutoka Dar hadi Tunduma. Nayasema hayahaya kwa wanaotoka mkesha wa maombi au kulala msibani. Kukesha usiku mmoja mwili unastahimili na unafidia. Kurudi nyumbani alfajiri kwa bodaboda ambayo dereva wake naye amekesha ndiko kunakoua.

Yanayobishaniwa, na jinamizi

Utasikia kwamba usingizi "huosha ubongo". Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 2013, timu ya Maiken Nedergaard wa Rochester, Marekani, ilipoonyesha kwamba nafasi kati ya seli za ubongo wa panya hupanuka kwa takriban asilimia 60 wanapolala, majimaji yakipita na kuondoa taka, ikiwemo protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2024 timu nyingine, ya London, ilipima tena kwa njia tofauti katika panya na kukuta usafishaji unapungua wakati wa usingizi. Ubishi huo haujaisha, na anayekuuzia dawa kwa jina la kuosha ubongo usiku anauza kisichothibitishwa.

Jinamizi limeeleweka vizuri zaidi. Mtu anaamka, anaona chumba, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimebanwa na anahisi kuna kiumbe kimemsimamia au kumkalia. Kilichotokea ni kwamba ufahamu umerudi kabla ile amri ya kulegeza misuli haijaondolewa, na mabaki ya ndoto yanaendelea macho yakiwa wazi. Pumzi inaonekana kubanwa kwa sababu mtu anajaribu kuvuta hewa kwa nguvu kwa misuli iliyolegezwa, huku kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikiendelea na mwendo wake wa kawaida. Hutokea zaidi kwa waliochoka, wanaolala saa zisizo na mpangilio, na wanaolala chali. Huisha ndani ya sekunde au dakika chache. Naomba hili lisomwe kwa makini, maana huku kwetu kuna wazee, hasa akina bibi wanaoishi peke yao, wanaonyooshewa kidole kwa sababu kijana fulani aliamka usiku akiwa hawezi kujitikisa. Hakuna aliyemtuma mtu. Bibi wa watu alikuwa amelala kwake.

Au pengine alikuwa macho, na hilo nalo lina maelezo yake. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na katika saa zaidi ya 200 za usiku, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, na kambi ikawa na mtu macho karibu wakati wote bila kupangiwa zamu. Watafiti wanadhani usingizi mwepesi wa uzee unaweza kuwa ni urithi wa maisha ya aina hiyo. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulikuta Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia wakilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, usingizi wao ukifuata kushuka kwa joto la usiku, na wachache sana wakilalamikia kukosa usingizi. Wengine wameutumia utafiti huo kusema saa 7 si lazima. Mimi nauona tofauti. Watu hao walikaa kitandani saa 7 hadi 8 na nusu, gizani, kwa ratiba ileile kila siku, na mwanga wa jua kila asubuhi. Babu anayeamka saa 10 akiwa hana usingizi mchana hahitaji vidonge.

Anayehitaji daktari ni mwingine, na mara nyingi hajijui: yule anayekoroma, ghafla ananyamaza, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa, tena na tena usiku kucha. Koo lake linajiziba, oksijeni inashuka, moyo unashtuliwa, na shinikizo la damu ambalo lingepumzika usiku linapanda. Unene huongeza tatizo hilo. Pombe nayo huliongeza, na hapa ulanzi wa Iringa na kimpumu cha Rungwe havina tofauti na bia ya chupa: humsinziza mtu haraka, hulegeza misuli ya koo, hupunguza ndoto za nusu ya kwanza ya usiku na kuikatakata nusu ya pili. Mtu wa namna hii analala saa 8 na kusinzia kwenye kiti saa 4 asubuhi. Akienda hospitali peke yake atasema hajambo, analala vizuri, labda ana shinikizo la damu lisilosikia dawa. Mkewe ndiye aliyehesabu pumzi zilizokatika, kwa hiyo waende wote wawili, na daktari amwulize mke kwanza.